Notisi ya Mdomo Haimwondoi Mpangaji



Mwalimu anapostaafu baada ya miaka mingi ya kushika chaki, mara nyingi fedha zake za kiinua mgongo huingia katika duka la vitabu au mkahawa mdogo karibu na steji ya magari. Jengo si lake. Jioni moja mwenye jengo husimama mlangoni na kutamka kwamba tangu mwezi ujao kodi itakuwa maradufu, na asiyeweza aondoke. Naye mwalimu, aliyewafundisha watoto wa watu kuandika barua rasmi, huondoka bila kudai hata kipande cha karatasi.

Hakulazimika kuondoka. Mwaka 1965 Bunge la Kenya lilitunga sheria ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, ambayo mawakili huiita Sura ya 301. Sheria hiyo humkinga mpangaji ambaye mapatano yake hayakuandikwa kabisa, au yameandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Huenda msikilizaji akastaajabu kwamba asiye na karatasi ndiye anayekingwa; lakini ndiye mnyonge hasa, na ndiye aliyekusudiwa.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwenye jengo anayetaka kumwondoa mpangaji wa namna hiyo, au kumwongezea kodi, hana budi kutoa notisi kwa maandishi, katika fomu iliyowekwa na serikali. Hapana budi aeleze sababu zake. Tena notisi hiyo haiwezi kuanza kutumika kabla ya miezi 2 kupita tangu mpangaji alipoipokea. Maneno ya mlangoni, hata yakisemwa mbele ya mashahidi kumi, hayatimizi sharti hilo.

Hata hivyo, maandishi ni upanga wenye makali pande mbili, na hapa ndipo wengi wanapoangamia. Mpangaji akiisha kupokea notisi halali, sheria humtaka amjibu mwenye jengo kwa maandishi katika muda wa mwezi 1, akisema kama anakubali au anakataa. Akikataa, yampasa kupeleka shauri lake mbele ya Baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya siku iliyotajwa katika notisi. Akifanya hivyo, notisi husimama hadi Baraza litakapoamua. Akinyamaza, notisi hushika nguvu siku ile ile iliyoandikwa, na ukimya wake huhesabiwa kuwa ridhaa. Wako waliofungiwa milango wakiwa na haki tele, ila hawakuandika mistari mitatu kwa wakati.

Wala mpangaji asidhani kwamba notisi ni lazima akabidhiwe yeye mwenyewe mkononi. Yaweza kupewa mtu mzima wa familia yake au mtumishi wa dukani, au kutumwa kwa posta ya rejista. Kijana wa kuuza akiiweka bahasha chini ya mizani na kuisahau, siku zinaendelea kuhesabiwa. Mtumishi wa serikali anajua desturi ya ofisi: kila barua iingiayo hupigwa mhuri wa tarehe. Duka nalo lahitaji daftari la namna hiyo, hata likiwa la kurasa ishirini, lenye tarehe ya kupokea na jina la aliyepokea.

Jambo moja halijulikani sana. Mpangaji naye anaruhusiwa kumpelekea mwenye jengo notisi, katika fomu rasmi vilevile, akitaka kodi ikadiriwe upya au sharti fulani la upangaji libadilishwe. Mwenye jengo asipokubali, Baraza lile lile huwasikiliza wote wawili. Fomu hiyo wengi wamezoea kuiogopa inapotoka kwa mwenye jengo. Wachache sana wamewahi kuijaza.