Nani Alimlipa Mwalimu? Walimu na Fedha za Shule za Kusini Wakati wa Ukoloni



Kata inapojadili ujenzi wa darasa, swali la kwanza huwa mabati na saruji. Swali la mwalimu huja baadaye, boma likiwa limekwisha kufika kwenye linta. Historia ya shule za bonde la Lukuledi na majirani zake inaonyesha kwamba aliyemlipa mwalimu ndiye aliyeamua shule ikae wapi, ifundishe nini na idumu kwa muda gani.

Shule za mwanzo upande huu hazikuanzishwa na serikali. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kutoka Zanzibar kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makazi Masasi. Walimu wa misheni hiyo waliandaliwa katika shule ya Kiungani, Unguja, na wengi wao walikuwa wametoka utumwani wakiwa watoto. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, aliletwa Chitangali, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadre. Wamisionari wa Kibenediktini nao walifika Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka uliofuata. Vituo hivyo viwili viliteketezwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, na mwaka 1906 wakaanza upya Ndanda.

Fedha za UMCA zilitoka kwa waumini wa Uingereza, na za Ndanda kwa waumini wa Ujerumani. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilijenga shule zake hasa katika miji ya pwani, kuanzia Tanga, kwa kuwa ilihitaji makarani, wakalimani na maakida. Mtoto wa mkulima wa bara hakuwamo katika hesabu hiyo.

Udhaifu wa kutegemea mfuko wa ng'ambo ulionekana vita vilipozuka mwaka 1914. Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza, na walimu na mapadre Waafrika wa UMCA nao wakafungwa. Mwaka 1917 Waingereza waliiteka Ndanda, na baadaye wamisionari wa Kijerumani wakafukuzwa nchini. Kazi iliyobaki iliwaelemea makatekista Waafrika.

Waingereza waliunda Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1920. Mwaka 1924 ilikuja Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ambayo mjumbe wake mmoja alikuwa Dakta Aggrey wa Gold Coast, nchi inayoitwa leo Ghana. Oktoba 1925 Gavana Donald Cameron aliwakutanisha maofisa wake na wamisionari Dar es Salaam, na sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu wa ruzuku. Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Ruzuku ilikwenda kwa shule iliyotambuliwa, yenye walimu waliosajiliwa, chini ya ukaguzi. Ilifuata cheti cha mwalimu, haikufuata idadi ya watoto. Shule ndogo za vijijini, ambako katekista alifundisha kusoma, kuandika na dini chini ya paa la nyasi, hazikupata kitu. Wazazi ndio waliokata miti na kuezeka, na mwalimu aliishi zaidi kwa jembe lake kuliko kwa posho ya misheni.

Jambo hilo halikuwa la Tanganyika peke yake. Huko New Zealand, sheria ya mwaka 1867 iliwataka Wamaori watoe ardhi, nusu ya gharama za jengo na robo ya mshahara wa mwalimu kabla ya kupewa shule. Angalau wao waliandikiwa kiwango!

Miaka ya 1930 mdororo wa uchumi wa dunia ulipunguza hata kile kidogo kilichokuwapo. Kisha ukaja mwaka 1947, na Tanganyika ikapata mpango wa miaka kumi wa elimu ya Waafrika. Mwaka huohuo ulianza mradi wa karanga, ambao Nachingwea ilikuwa moja ya vituo vyake. Ilijengwa reli, ikajengwa bandari ya Mtwara, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mradi kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Wazee wa kusini walioambiwa miaka yote kwamba fedha za walimu hazipo walishuhudia kwa macho yao fedha zikizikwa ardhini.

Hadi uhuru, shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mwafrika wa kusini aliyetaka kusonga mbele alisafiri mbali. Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, alipitia Ndanda na Kigonsera, kisha akamalizia sekondari Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyokata mzizi wa mambo hayo. Serikali ilichukua shule zilizokuwa zikipewa ruzuku, na mwalimu akawa mtumishi wa umma bila kujali dhehebu la shule. Januari 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne, na ruzuku ya shule ya msingi huhesabiwa kwa mwanafunzi, Sh 10,000 kwa mwaka.

Kwa hiyo wananchi wa leo hawamlipi mwalimu mshahara. Lakini katekista wa zamani alikuwa na nyumba na shamba palepale kijijini. Mwalimu wa sasa hupangiwa kituo kutoka mkoa wa mbali, hushuka kwenye njia panda ya Nanganga na sanduku lake, halafu huanza kutafuta chumba. Asipokipata, barua ya kuomba uhamisho huandikwa mapema, na nafasi yake katika ikama hubaki wazi. Kamati za shule zinapopanga matumizi ya nguvu za wananchi kwa mwaka ujao, boma la nyumba ya mwalimu liingizwe kwenye mpango pamoja na boma la darasa, na ombi la kulimalizia lifikishwe Halmashauri kabla bajeti haijafungwa.