MKIMBIZI MPAKA LINI?

(Hotuba ya Katibu Mwenezi mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Mpanda)



Nimesimama kwa ajili ya neno linalonong'onwa vilabuni, na leo limesemwa hapa waziwazi: kwamba watu wa Katumba wasipewe kadi za Chama kwa kuwa ati ni wakimbizi.

Nauliza, mkimbizi mpaka lini?

Mwaka 1972 kulitokea mauaji makubwa katika Burundi. Watu maelfu kwa maelfu walivuka mpaka, watoto mgongoni. Serikali yetu haikuwaweka wangojee chakula tu. Iliwapa ardhi ya kulima: Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. (Kutoka nje ya makazi walihitaji kibali, nalo tusilifiche.) Nchi ile ilikuwa pori, na wazee mliopo hapa mwajua ni nani aliyelifyeka. Kufikia 1985 walikuwa wakijilisha wenyewe. Mahindi na maharage tuliyokula mjini Mpanda yalitoka wapi? Twasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa jembe wamelishika zaidi ya miaka hamsini!

Mwaka 2007 waliambiwa wachague kurudi Burundi au kuomba uraia. Walio wengi waliomba uraia, na mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 160,000 yakakubaliwa. Lakini likawekwa sharti kwamba wahame makazi yale, watawanywe mikoani. Mpango huo ukakwama. Basi wakakaa miaka minne, uraia wa Burundi wameukana, na cheti cha Tanzania hawajakitia mkononi. Fikirini, ndugu zangu, mtu wa namna hiyo ataezeka bati kwa moyo gani? Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014.

Sisemi kwamba kila alalamikaye ana roho mbaya. Ndugu zetu wa Ngara, mwishoni mwa Aprili 1994, waliona watu zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda wakivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Miti ikaishia mekoni. Mwenyeji wa Ngara alikuwa na haki ya kulalamika, tena kwa sauti kubwa. Lakini deni la Ngara halidaiwi kwa mkulima wa Katumba.

Tena wako wasemao raia wa tajnisi si raia kamili. Katiba inataka Rais awe raia wa kuzaliwa. Haikusema hivyo juu ya mwanachama wa tawi. Na tunapokwenda Katumba kuomba kura hatuwaiti wakimbizi. Siku hiyo twawaita "ndugu wananchi". (Kicheko.)

Ndugu Mwenyekiti, fomu kumi na saba za vijana wa Katumba zimelala katika kabati la ofisi yetu, hazikukubaliwa wala hazikukataliwa. Naomba zisomwe leo, jina moja moja, na kila mwenye kupinga jina asimame atupe sababu yake mbele ya mkutano. Ufunguo wa kabati ninao hapa.