Wawili Tu, Mmoja Lazima Ashinde



Wiki hii ndani ya daladala nimewasikia vijana wawili wakibishana juu ya gofu. Si mpira wa miguu, gofu! Nikakumbuka kisa cha mwaka 2024, na wenyewe wameniruhusu kukisimulia mradi nisiwataje majina.

Mwezi wa Agosti mwaka huo dada yangu aliniita Ngerengere. Treni ya umeme ilikuwa mpya. Unatoka Dar es Salaam, unapita Pugu, Soga na Ruvu, na kabla hujamaliza karanga zako umefika. Lakini sikwenda kutembea. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na likizuka neno la kijana anayeitwa ni mjomba.

Neno lenyewe lilikuwa mabati. Dada aliuza ufuta wake wa mwanzo wa msimu, akampa mwanawe fedha akanunue mabati mjini Morogoro. Kijana hakununua. Kwa miezi miwili alikuwa akisema duka halina mzigo. Nilipomweka kitako akaniambia, "Mjomba, fedha zimeliwa na McIlroy."

Nilidhani ni mwenye duka. Kumbe ni Rory McIlroy, mchezaji gofu wa Ireland ya Kaskazini, mtu asiyejua kama Ngerengere ipo duniani.

Nieleze kidogo kwa wale ambao gofu wameiona tu kwa mbali, pengine kule Gymkhana ya Morogoro wakipita njia. Mashimo ni 18, na anayemaliza kwa mikwaju michache ndiye mshindi. Mashindano makubwa huchezwa siku nne, na yale ya wazi ya Marekani huanza na wachezaji 156. Kumtaja mshindi mmoja kati ya 156 ni kuchagua punje moja kwenye pishi la mchele. Kwa hiyo kampuni za kubashiri huwachomoa wachezaji wawili na kukuuliza: kati ya hawa, nani atamtangulia mwenzake? Wa kwanza au wa mia si hoja. Hoja ni hao wawili tu.

Hapo ndipo kijana wangu aliponasa. "Mjomba, ni wawili tu, mmoja lazima ashinde. Na mimi nasoma habari zao kila siku." Kweli anazisoma. Alinieleza upepo, nyasi, nani hupiga mbali na nani hutetemeka karibu na shimo. Nilisikiliza nikasikitika, maana akili ile ingeendesha duka.

Mwezi wa Juni 2024, kule Pinehurst, alimchukua McIlroy dhidi ya Bryson DeChambeau, kwa mashindano yote ya siku nne. Siku ya mwisho, huku kwetu ni usiku wa manane, McIlroy alitangulia kwa mikwaju miwili zikiwa zimebaki shimo tano. Kijana anasema alishaanza kuhesabu mabati, na ya jikoni akaongeza. Kisha McIlroy akapoteza mkwaju shimo la 15, akapoteza la 16, akapoteza la 18. Katika mawili ya hayo alikosa mpira usiofika hatua mbili kutoka shimoni. DeChambeau akamaliza kwa 274, McIlroy 275. Mkwaju mmoja katika siku nne, na paa la dada yangu likaondoka nao.

Sikilizeni na hili. Siku hiyo hiyo ya mwisho McIlroy alipiga 69 na DeChambeau 71. Aliyebashiri siku hiyo peke yake, kwa watu wale wale wawili, akamchukua McIlroy, alilipwa. Kijana wangu alijua mchezaji, alijua uwanja, na bado alichana mkeka. Na mwezi mmoja kabla yake, tarehe 17 Mei, Scottie Scheffler alikamatwa na polisi asubuhi nje ya uwanja kule Louisville, akaachiwa, akaingia kucheza na kupiga 66. Nani alikuwa na elimu ya kulibashiri hilo?

Sitaki kusema kuna wizi. Kijana alikuwa na miaka 24, sheria inataka 18, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inatoa leseni. Jambo limeandikwa wazi, ila limeandikwa kwa namba. Kampuni ilimpa 1.83 kila upande. Maana yake ukiweka 1,000 ukashinda unapewa 1,830, na humo mna 1,000 yako mwenyewe. Sasa watu wawili wakiweka 1,000 kila mmoja, mmoja huku na mwingine kule, zinakuwa 2,000. Mshindi anachukua 1,830. Shilingi 170 zimebaki kwa mwenye meza, ambaye hakushika fimbo wala hakukesha. Kodi ya ushindi bado sijaitaja. Wachezaji wa klabu wakishindana wao kwa wao, mnyonge hupewa handikapu ili wawe sawa, na aliyeshindwa hununua soda. Soda nzima inanywewa. Hapa kwanza mtu anaonja.

Na wawili hao hukuwachagua wewe. Wamepangwa na mtu anayelipwa mshahara ili wakaribiane kiasi kwamba akili yako isione tofauti.

Kijana hakukubali. Akasema anayejua atashinda zaidi ya nusu. Basi tukakaa barazani, nikatoa sarafu ya 200, nikawa mimi ndiye kampuni. Kila mrusho anaweka 1,000 ya maneno, akipata namlipa 1,830, na dada anaandika kwa mkaa ukutani. Tulirusha mara 20. Kwa bahati yake alipata mara 11, akakosa mara 9. Akaruka akishangilia, zaidi ya nusu!

Nikamwambia apige hesabu mwenyewe. Ametoa 20,000. Amepokea 20,130. Akapiga mara ya pili, kisha akachukua simu akapiga kwa kikokotoo. Faida shilingi 130.

"Na ungepata kumi?" nikamwuliza.

Alinyamaza, akaandika ukutani chini ya alama za mama yake: amepungukiwa 1,700.

Dada akautazama ule ukuta, akatazama juu kwenye makuti, akauliza bati moja mjini siku hizi ni shilingi ngapi.