Barua Yako Isifike Imevurugika

Msikilizaji wa Kwamkoro, barua ya kuomba kazi usiitume ikiwa bado faili la Word. Igeuze iwe PDF. Word hupanga maandishi upya kwa fonti zilizomo kwenye kompyuta inayolifungua faili. Jedwali lililonyooka kwako laweza kuvunjika kwa mpokeaji, na sahihi ikarukia ukurasa wa pili, peke yake. PDF kwa kawaida hubeba fonti zake, hivyo hata kwenye simu ukurasa haubadiliki. Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi mtandaoni, nayo hutaka viambatisho vya PDF. Utasema: nikikosea, nitasahihishaje? Kweli, PDF ni ngumu kuhariri. Basi tunza faili la Word, sahihisha humo, kisha geuza tena. Ukiwa steshenari, mwambie mhudumu: “Nihifadhie kama PDF.” Kugeuza huko hakuhitaji intaneti. Ifungue PDF hiyo, isome yote, ndipo uitume.