Aliyepoteza Maneno Hajapoteza Wimbo

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Buigiri



Halmashauri ya mkutano iliniomba mimi, mwenzenu niliyestaafu kazi ya utabibu, nizungumze kidogo juu ya afya. Afya ni jambo pana na chakula cha mchana kinangoja, kwa hiyo nimechagua jambo moja tu, nalo ni hili: jinsi wimbo unavyoweza kumsaidia mtu aliyepatwa na shida ya kusema.

Sababu ya kulichagua ni kwamba umri wetu umekwenda. Katika orodha ya wenzetu iliyosomwa asubuhi, wako ambao hawakufika kwa kuwa wamepatwa na kiharusi, na baadhi yao wamepoteza usemi. Mtu wa namna hii mwanzoni hutembelewa sana, kisha kidogo kidogo, kisha hatembelewi kabisa. Wanaokwenda kumwona huzungumza na mkewe kana kwamba mwenyewe hayumo chumbani, halafu huaga. Tena liko jambo baya zaidi. Siku ya Jumapili mgonjwa huyo hupelekwa kanisani, na kwaya inapoanza wimbo anaoujua tangu utoto, naye huimba, maneno yakatoka sawasawa. Wakirudi nyumbani anataka maji, na neno "maji" halitoki. Basi watu husema, "Mzee anajifanya. Mbona kanisani anaimba?" Na wengine husema amerogwa.

Ndugu zangu, hajifanyi, wala hakurogwa. Naomba niwaeleze.

Shida za kusema si za namna moja. Ya kwanza ni kigugumizi, ambacho kwa kawaida huanza utotoni. Ya pili ni ulimi kuwa mzito, kwa sababu misuli ya kinywa na koo imelegea. Hapo mtu anayo maneno yote, ila hayatamkiki vizuri. Ya tatu ni ile ambayo mabingwa huiita afasia. Hapo ulimi unaweza kuwa mzima, lakini sehemu ya ubongo inayotafuta na kupanga maneno imeumia. Mtu huyo anaijua nafsi yake, anawajua watoto wake, na mara nyingi anaelewa mengi ya yale yanayosemwa mbele yake. Akili yake haikuondoka. Kilichoharibika ni njia ya maneno. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi moja ya watu wanaopatwa na kiharusi hupata shida hii.

Wala kiharusi si ugonjwa wa Wazungu au wa matajiri peke yao. Uchunguzi uliofanywa hapa kwetu kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, hesabu ikisawazishwa kwa umri, kila mwaka watu wapatao 109 katika kila watu 100,000 walipatwa na kiharusi huko Hai, mkoani Kilimanjaro. Katika sehemu ya Dar es Salaam iliyochunguzwa walikuwa wapatao 316. Mijini, basi, hali ilikuwa mbaya karibu mara tatu. Chanzo kikubwa ni shinikizo la damu ambalo halikupimwa, au lililopimwa likapuuzwa.

Sasa, imekuwaje mtu ashindwe kusema lakini aweze kuimba?

Jambo hili limeonekana zamani. Mwaka 1745 mwandishi mmoja wa Sweden, Olof Dalin, aliandika habari za mtu aliyepooza upande wa kulia na kupoteza usemi, ambaye hata hivyo aliweza kuimba nyimbo za dini alizojifunza kabla ya kuugua, na maneno yakatoka wazi. Wakati ule hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1861 daktari wa Ufaransa, Paul Broca, alimchunguza mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila "tan". Alipofariki, Broca aliona kwamba ubongo wake umeharibika upande wa kushoto, kwa mbele. Tangu hapo ikaanza kufahamika kwamba kwa watu walio wengi kazi ya kupanga maneno hufanywa na nusu ya kushoto ya ubongo. Nusu hiyo hiyo ndiyo inayoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana aliyepooza upande wa kulia mara nyingi hupoteza na usemi.

Lakini wimbo haukai upande mmoja. Sauti ya kupanda na kushuka hutumia sana nusu ya kulia, na mapigo hushughulisha sehemu nyingi. Kadhalika maneno tuliyoyakariri tangu utoto, kama sala, hesabu ya moja mpaka kumi, salamu na nyimbo, hayahitaji kupangwa upya kila tunapoyasema. Yanatoka yakiwa yameunganika, kama shanga zilizokwisha tungwa. Kwa hiyo njia ya kushoto ikikatika, shanga hizo bado zinaweza kupitia njia nyingine.

Sisi tuliokutana hapa Buigiri hatupaswi kuliona hilo kuwa geni. Kijiji hiki kinajulikana nchini kwa shule yake ya watoto wasioona, iliyoanzishwa na misheni ya Anglikana mwaka 1950. Mtoto asiyeona husoma kwa vidole, kwa nukta nundu. Hakuna anayemwambia, "Unajifanya huoni, mbona unasoma?" Tunafahamu kwamba mlango mmoja umefungwa, naye amefundishwa kupitia mwingine. Basi na huyu mzee wetu anayeimba bila kuweza kusema tumtazame vivyo hivyo.

Hata hivyo, ndugu zangu, tusije tukadhani kwamba kumwimbisha mgonjwa kunatosha. Mtu anaweza kuimba beti sita kila siku kwa mwaka mzima, na bado asiweze kuomba maji. Wimbo aliokariri ni wimbo tu. Haumjibii mkewe swali. Kazi yenyewe ni kuyavusha maneno kutoka katika wimbo kuyaingiza katika mazungumzo, na kazi hiyo ina utaratibu wake.

Utaratibu unaojulikana zaidi ulitengenezwa na mabingwa watatu wa mji wa Boston, Marekani, ambao ni Albert, Sparks na Helm, wakautangaza mwaka 1973. Hawakutumia nyimbo zinazojulikana. Walichukua maneno mafupi ya lazima ya kila siku, wakayasema kwa sauti mbili tu, moja ya juu na moja ya chini, huku mkono wa kushoto wa mgonjwa ukipigishwa mezani pigo moja kwa kila silabi. Lugha yetu inafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu silabi zake ziko wazi na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Chukueni maneno "nataka maji". Ni mapigo matano: na-TA-ka MA-ji. Sauti hupanda kwenye "ta" na kwenye "ma", na penginepo hushuka.

Hatua zake ni hizi. Kwanza msaidizi huguna tune peke yake, akipigapiga mkono wa mgonjwa. Pili, wanaimba maneno pamoja. Tatu, msaidizi ananyamaza katikati, mgonjwa anamalizia. Nne, msaidizi anaimba, mgonjwa anarudia peke yake. Tano, msaidizi anauliza, "Unataka nini?" na mgonjwa anajibu kwa tune ile ile. Mwishowe tune inapunguzwa polepole mpaka yabaki maneno ya kawaida. Ni kazi ya majuma na miezi, kila siku kidogo, wala haimfai kila mgonjwa. Humfaa zaidi yule anayeelewa anachoambiwa lakini hawezi kukitoa.

Wako mabingwa waliohoji kama kweli ni tune inayosaidia. Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani walitoa habari za wagonjwa 17 waliopimwa wakiimba na wakisema kwa mapigo. Waliona kwamba jambo kubwa lilikuwa mapigo na maneno yaliyozoeleka, kuliko kupanda na kushuka kwa sauti. Ubishi huo haujaisha, lakini kwetu una faida: asiye na sauti nzuri asiogope. Kama hawezi kuimba, na apige meza.

Mwaka huo huo wa 2011, mbunge mmoja wa Marekani, Gabrielle Giffords, alipigwa risasi ya kichwa karibu na mji wa Tucson, upande wa kushoto, akapoteza usemi. Miongoni mwa njia zilizotumika kumrudishia maneno ilikuwa nyimbo. Miaka ilipita, akasimama tena kuhutubia watu, kwa maneno machache na kwa shida. Sikusema kwamba alipona akawa kama zamani. Lakini kati ya maneno machache na kutokuwa na neno hata moja kuna tofauti kubwa, na aliyeuguza anaijua.

Ndugu Mwenyekiti, wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya Boston, na sisi hatuna wataalamu. Ni kweli wataalamu wa usemi ni wachache katika Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza kuwafundisha kwa shahada mwaka 2008 tu. Lakini kama ni muziki, nani atakayetufundisha sisi wa Ugogo? Nchi hii ndiyo ya ilimba na zeze, ya akina mama wa muheme wanaobana ngoma kati ya magoti yao. Hapa Doduma alizaliwa marehemu Hukwe Zawose, aliyeifikisha sauti ya Kigogo Ulaya na kwingineko kabla ya kufariki mwaka 2003. Na namna yetu ya kuimba ni ile ambayo mmoja huanzisha na wenzake huitikia. Angalieni jinsi ilivyo karibu na zile hatua nilizozitaja: mmoja anaanza, wote wanaingia, mmoja anaachiwa amalizie. Anayeimba katikati ya wenzake huchukuliwa na sauti zao. Kama mgonjwa alilelewa kwa Kigogo, na aanze kwa Kigogo. Lugha ya nyumbani isidharauliwe mbele ya Kiswahili au Kiingereza cha shuleni.

Sasa niseme kidogo juu ya kigugumizi, maana wako wajukuu. Karibu mtu mmoja katika kila watu wazima 100 ana kigugumizi, na watoto ni zaidi, ingawa wengi wao huachwa nacho wakikua. Hakitokani na woga wala ujinga, wala mama hakula kitu kibaya. Mwenye kigugumizi akiimba, au akisoma pamoja na wenzake kwa sauti moja, mara nyingi kigugumizi hupotea palepale. Lakini wimbo ukiisha, kwa kawaida hurudi. Basi tusimwambie mtoto, "Imba kila unachotaka kusema," maana atachekwa mara mbili. Faida ya wimbo kwake ni nyingine: anapoimba katika kwaya anajisikia na kujua kwamba sauti yake ni nzima. Tukizungumza naye tumpe nafasi. Tusimmalizie neno, wala tusimwambie atulie, kwa sababu anayeambiwa atulie hujikaza zaidi.

Nimalizie kwa mambo manne ya kwenda nayo nyumbani.

La kwanza: mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukilegea, au maneno yakivurugika, apelekwe hospitali saa ile ile. Asisubiri asubuhi, wala asianze kwa mganga wa kienyeji. Na sisi tuliopo tupime damu zetu.

La pili: aliyepoteza usemi aulizwe maswali ya kujibiwa kwa ndiyo au hapana, kwa kichwa au kwa mkono, na angojwe ajibu. Tumhesabu kuwa yupo.

La tatu: familia ichague maneno kumi anayoyahitaji mgonjwa kila siku. Jina la mkewe liwemo. Wayafanyie kazi kwa mapigo, robo saa asubuhi na robo saa jioni. Panapopatikana mtaalamu wa usemi, aongoze yeye. Mgonjwa akichoka, waache. Tena wasikate tamaa miezi ikipita, kwa maana ingawa maendeleo makubwa huonekana katika miezi ya mwanzo, wako walioendelea kupata maneno baada ya miaka.

La nne linatuhusu sisi chama chetu. Tunazijua nyimbo ambazo mke na watoto wa mwenzetu hawazijui: nyimbo za mchakamchaka, za bwenini, na ule wimbo wa shule tulioimba kila Jumatatu tukiwa mstarini. Zimo ndani yake bado, zimetungwa kama shanga. Naomba kila tawi liandike majina ya wenzetu walionyamazishwa na maradhi, na watu wawili wawili wapangiwe kumtembelea kila mmoja, si kwa kumpa pole tu, bali kwa kuimba naye, na baada ya kuimba wakae wamsaidie mkewe katika yale maneno kumi.