Ramani na Chati Barazani: Jinsi ya Kuwasomea Wananchi Takwimu Zao

Mada iliyotolewa mjini Ogembo na afisa wa mawasiliano wa kaunti, mbele ya wasimamizi wa wadi, machifu, wazee wa vijiji na wanakamati wa miradi.

Nashukuru mmefika mapema ingawa mvua ya jana imeharibu barabara. Nimeombwa nizungumze juu ya ramani na chati, na najua neno "takwimu" linaweza kumlaza mtu kabla ya chai kuletwa. Nitajitahidi.

Nianze na shamba. Sensa ya usiku wa Agosti 24 kuamkia Agosti 25, 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii. Eneo letu ni kilomita za mraba zipatazo 1,300. Kwa hivyo ripoti zinaandika kwamba kila kilomita ya mraba ina watu zaidi ya 950. Mstari huo nimeusoma kwenye mabaraza mengi, na kila mara watu wamenitazama tu. Hakuna mtu hapa anayelima kilomita ya mraba.

Siku moja nilifanya hesabu upya kwa ekari. Kilomita moja ya mraba ni ekari 247 hivi. Jibu likaja karibu watu wanne kwa kila ekari, na humo umejumlisha barabara, mito, viwanja vya shule, masoko na makaburi. Sensa hiyo hiyo ilipata kaya 308,054. Tukigawana ardhi yote ya kaunti sawasawa, hata ile iliyo chini ya lami, kila kaya ingepata ekari moja na kipande kidogo. Niliposema hivyo barazani, mzee mmoja aliyekuwa amesinzia aliinua kichwa akauliza, "Na wanangu watano je?" Kuanzia hapo tulizungumza kwa saa nzima juu ya urithi, ndizi, majani chai na watoto wanaokwenda mjini. Hesabu ilikuwa ile ile ya jana yake. Kilichobadilika ni kipimo, nacho ni kipimo ambacho kila mtu pale alikuwa amekitembea kwa miguu.

Sasa tazameni ramani ya Kenya niliyoibandika ukutani. Marsabit inajaza macho. Kisii ni punje ya wimbi. Marsabit ina kilomita za mraba zipatazo 70,000, yaani Kisii ingeingia humo zaidi ya mara hamsini. Lakini sensa ilipata watu 459,785 kule Marsabit, zaidi kidogo ya theluthi ya watu wetu. Ukipaka kaunti rangi ili kuonyesha jambo lolote la watu, jicho litahesabu ukubwa wa rangi wala halitahesabu watu. Ukitaka watu waonekane, acha rangi, weka vitone. Kitone kimoja kwa kila watu 10,000: Marsabit itapata vitone 46 vilivyotawanyika, Kisii itapata vitone 127 na utakosa mahali pa kuviweka.

Msidhani hili ni jambo la darasani. Mwaka wa 2020 Seneti ilikwama kwa muda mrefu kwa sababu ya fomula ya kugawa pesa za kaunti, hadi mwezi wa Septemba. Katika fomula ya kwanza na ya pili, idadi ya watu ilikuwa na uzito wa asilimia 45. Katika ya tatu iliwekewa asilimia 18, na vigezo vingine kama afya, kilimo na barabara vikapewa nafasi yao. Wa kaunti zenye watu wengi walihesabu shilingi kwa kila mtu. Wa kaunti kame walihesabu umbali wa kumfikia mtu mmoja. Chati zote mbili zilikuwa za kweli. Kwa hivyo mtu akikuonyesha ramani, usiulize tu kama ni ya kweli. Uliza inahesabu nini.

Tuje kwenye mstari wa miaka. Hapa Ogembo palikuwa makao makuu ya Wilaya ya Gucha, na wengi wenu mnakumbuka. Sensa ya 1999 iliipa Gucha watu 460,939 na Wilaya ya Kisii ya Kati watu 491,786. Mwaka wa 2009 Kaunti ya Kisii ya leo ilikuwa na watu 1,152,282. Nimeona kazi za wanafunzi, na hata za watu wazima wenye digrii kama mimi, zikichukua "Kisii" ya 1999 na "Kisii" ya 2009 na kuchora mstari unaopanda kama moshi: watu wameongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya miaka kumi! Hawakuongezeka hivyo. Mchoraji aliwasahau watu wa Gucha, yaani ninyi. Ukijumlisha wilaya zote mbili, 1999 ilikuwa 952,725, na mstari unakaa mahali pake. Jina likiwa moja, mpaka unaweza kuwa mwingine.

Na jihadharini na jambo hili hata leo. Sensa hupanga watu kwa kaunti ndogo za utawala wa taifa, tarafa, kata na kata ndogo. Sisi bajeti yetu tunaizungumza kwa wadi. Takwimu ya Gucha ndani ya kitabu cha sensa usiibandike juu ya eneobunge la Bomachoge Chache kana kwamba ni kitu kimoja, kabla hujaangalia mipaka ya zote mbili.

Sasa jirani zetu. Mstari wa Nyamira umenifundisha kunyamaza. Mwaka wa 1999 walikuwa 498,102, mwaka wa 2009 wakawa 598,252, na mwaka wa 2019 wakawa 605,576. Muongo wa kwanza waliongezeka watu 100,150. Muongo wa pili waliongezeka 7,324. Kwenye chati mstari unapanda mlima, kisha unatembea tambarare. Sisi Kisii tumepunguza mwendo pia: tuliongezeka 199,557, kisha 114,578. Kila ninapoonyesha chati hii mtu hutoa sababu kabla sijamaliza sentensi. Mmoja husema uzazi wa mpango. Mwingine husema watu wamehamia mjini. Wa tatu husema hesabu ilikosewa. Chati haijasema lolote kati ya hayo. Inasema tu mstari umelala.

Tunalojua kwa nchi nzima ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke Mkenya alikadiriwa kuzaa watoto wanane kwa wastani, na utafiti wa afya wa mwaka 2022 ukakuta 3.4. Hilo linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu shule za chekechea ni kazi ya kaunti. Mwanakamati anayedai madarasa ya chekechea kwa kuangalia jumla ya watu anaweza kujenga chumba ambacho kitakosa watoto, huku chuo cha ufundi cha vijana kikiwa kimejaa hadi nje. Jumla haitoshi. Tuangalie umri.

Tuangalie pia nani yuko nyumbani. Nimechora nguzo mbili hapa: wanaume 605,784, wanawake 661,038. Wanawake wamezidi kwa 55,254. Kwa kila wanawake 100 wa Kisii waliohesabiwa usiku ule, walihesabiwa wanaume 92. Kwa Kenya nzima ni 98, na Nairobi wanakaribia kulingana. Wanaume wetu hawakupotea. Tunajua mabasi ya jioni yanakwenda wapi. Lakini nawauliza machifu: tukiitisha mkutano wa kilimo, nani anakuja na nani ana jina kwenye hati ya shamba? Nguzo hizi mbili ningependa zibandikwe katika kila ofisi ya wadi.

Niseme sasa juu ya kosa langu mwenyewe, maana sitaki mdhani nimezaliwa nikijua. Kabla ya kuingia kazi hii nilikuwa kwenye gazeti moja. Nilichora nguzo za idadi ya watu wa Kisii, 2009 na 2019. Ili "zionekane vizuri" nilianza kipimo changu kwenye 1,100,000 badala ya sifuri. Nguzo ya pili ikatoka ndefu zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza. Ongezeko lenyewe ni karibu asilimia 10! Namba zangu zote zilikuwa sahihi, zimeandikwa juu ya nguzo, na bado nilikuwa nimewadanganya wasomaji. Mwalimu mmoja wa hesabu alinipigia simu, na hakunipigia kunisifu. Tangu siku hiyo nguzo zangu zinaanza sifuri, hata zikionekana za kuchosha.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, kwa sababu lilihusu zahanati.

Kulikuwa na baraza la kuzungumzia mahali pa kuongeza zahanati. Nilipeleka ramani nzuri ya kompyuta. Kila kituo cha afya nilikizungushia duara la kilomita tano, na kila kijiji kilichoingia ndani ya duara nilikipaka kijani, maana yake kimefikiwa. Vijiji vilivyobaki nje vilikuwa vichache, na mjadala ulielekea huko. Kisha mama mmoja, omong'ina wa makamo ya mama yangu, akasimama. Alitafuta mto kwa kidole, akafuata bonde, akapata kwao. Kijani. Akaniuliza, "Mwanangu, hii ramani ilichorwa na ndege?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Akaeleza: kutoka kwake hadi zahanati, ndege anaruka kilomita nne. Mtu anashuka bonde hadi mtoni, na mwezi wa Aprili mto ukijaa hapapitiki, kwa hivyo anazunguka hadi darajani, kisha anapanda kilima kingine. Boda boda hukataa kushuka huko wakati wa mvua. Kwa mama mwenye uchungu wa uzazi ni mwendo wa saa mbili na zaidi, kwa machela. Na mimi nilikuwa nimemwandikia kwamba amefikiwa. Kama asingesimama, kijiji chake kingetoka kwenye orodha kwa kalamu yangu ya kijani, na karatasi ingesema wananchi walishirikishwa.

Tuliirudia kazi ile. Tuliwaita waendeshaji boda boda wa vituo vinne, wakatuandikia dakika za kiangazi na dakika za masika kwa kila njia. Madaraka yote ya kuchora mipaka ya rangi tuliyachukua kutoka kwa duara tukawapa wao. Ramani ilipotoka ilikuwa mbaya kuangalia, imejaa vidole na mikia kama jani lililoliwa na viwavi. Kijiji cha yule mama kilikuwa chekundu. Bado kiko kwenye orodha ya kusubiri fedha, sitawaficha, lakini kiko kwenye orodha.

Gusii ni nchi ya vilima na mabonde. Mduara ni chombo cha nchi tambarare. Ukitaka kuupeleka barazani, andika juu yake kwa herufi kubwa: umbali wa ndege.

Mambo madogo madogo, haraka. Rangi: chungwa, njano, bluu, nyekundu, hizi zote zina wenyewe wakati wa siasa. Ukipaka wadi moja rangi ya chama, huna ramani tena, una kampeni. Tumia rangi moja, hafifu hadi nzito. Halafu kumbuka karatasi yako itapigwa fotokopi mjini, na nyekundu na kijani zikitoka kwenye mashine zote ni kijivu. Ile chati ya duara tunayoikata kama chapati, usiikate zaidi ya vipande vinne. Baada ya hapo hakuna mtu anayejua kipande kipi ni kikubwa. Na chini ya kila karatasi andika mwaka na mahali takwimu ilipotoka. Katiba, Kifungu cha 35, inampa mwananchi haki ya kupata habari. Akikuuliza "mmeitoa wapi?" hajakutusi.

Najua kuna anayewaza kwamba wadi yake haina kompyuta. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi unaotegemea ramani za kompyuta, na hiyo ni kazi ya ofisi ya mipango. Yenu haihitaji hivyo. Mwaka 1900, W. E. B. Du Bois na wanafunzi wake kutoka Atlanta, Marekani, walipeleka Paris chati za maisha ya watu weusi wa Georgia: idadi yao, ardhi waliyomiliki, kazi walizofanya. Walizichora kwa mkono, kwa wino na rangi za maji. Watu bado wanazitazama hadi leo.

Mbele yenu kuna manila, kalamu mbili na mkebe wa mahindi. Kaeni kwa wadi: Majoge Basi upande huu, Boochi/Tendere katikati, Bosoti/Sengera pale dirishani, waliotoka maeneobunge mengine mjiunge pamoja nyuma. Chora mto kwanza, Gucha kama unapita kwenu, halafu madaraja, halafu soko. Barabara baadaye. Kila punje ya mahindi ni kaya kumi. Wazee na akina mama ndio waweke punje, na vijana washike kalamu. Mkibishana juu ya daraja lipi hupitika Aprili, msinyamazishane, andikeni majibu yote mawili pembeni. Chai italetwa saa nne, na baada ya chai kila kundi litaeleza ramani yake.