Hoja Ijibiwe kwa Hoja
(Mawaidha kwa vijana baada ya swala ya tarawehe, Nakuru)



Vijana wenzangu, na nyinyi wazazi wetu, tumbo tumelifunga tangu alfajiri. Ulimi je?

Kila Ramadhani ikikaribia, hapa Bondeni na kwingineko Nakuru, ubishi ni ule ule: mwezi. Mmoja asema tungoje tangazo la Kadhi Mkuu, mwingine asema ukionekana Saudia yatosha. Hilo ni suala la elimu, na kila upande una dalili zake. Lakini sikiliza tunavyojibizana. "Wewe hata Kiarabu hujui, utaniambia nini?" Hapo hoja imeachwa, anapigwa mtu. Sawa, hajui Kiarabu. Je, alilolisema ni kweli au si kweli? Wa pili adakia: "Kwa hivyo wasema watu wa Saudia wote wamekosea!" Hakusema hivyo. Umemtilia maneno kinywani, kisha unayajibu maneno yako mwenyewe. Wa tatu akikosa jibu: "Na nyinyi mwaka jana je?" Kosa la mwaka jana halihalalishi la mwaka huu.

Mtasema haya ni maneno tu ya barazani. Ngojeni niwakumbushe.

Siku za mwisho za Januari 2008 mji huu uliwaka. Majirani waliochota maji mfereji mmoja walifukuzana kwa mapanga na mishale. Ripoti ya Tume ya Jaji Waki, Oktoba mwaka huo, ilihesabu waliouawa nchini kuwa 1,133. Mapanga yale yalitanguliwa na maneno. Bonde la Ufa twalijua neno "madoadoa": jirani wa kabila lingine si mtu tena, ni doa, na doa hufutwa. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ililiorodhesha kati ya maneno ya chuki.

Na hoja iliyolibeba neno hilo ni ndogo sana: fulani wa kabila lile ametudhulumu, basi wote ni madhalimu. Twasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kweli, kwa samaki walio kapu moja. Binadamu je? Mama muuza mboga aliyechomewa kibanda, alihesabu yeye kura? Qur'ani, Suratul An'am aya ya 164, yatufundisha kuwa hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Sisi Waislamu uchungu huu twaujua. Baada ya Westgate 2013 na Garissa 2015, wangapi wetu walitazamwa kama wahalifu kwa sababu ya kanzu au buibui? Basi lile lililotuuma tusimfanyie mwingine.

Kwa hivyo, ndugu yangu, kabla hujajibu jiulize matatu. Amesema nini hasa? Ni kweli? Na mimi nataka haki, au nataka kushinda tu? Ukiona wataka kushinda tu, nyamaza. Mtume (S.A.W.) ameahidi nyumba Peponi kwa anayeacha ubishi hata kama haki ni yake. Na ukitukanwa, sema umefunga.

Kesho baada ya futari mtakaa tena barazani. Anzeni hapo.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, na aulinde mji wetu na ndimi zetu. Amin.

Wassalaam alaykum.